Mashimo Matatu Chini ya Nyumba ya Haruni

Zaina mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tumekula sahani moja jioni hii, umeosha vyombo, umenitania kwa miwani yangu iliyofungwa kwa uzi, na sasa uko chumba cha pili unakunja nguo. Nakusikia ukifungua sanduku na kulifunga, ukifungua na kulifunga. Mtu hamtumii salamu anayemsikia akipiga chafya. Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema tulipokuwa tunakula. Nilitaka kukujibu, nikaishia kukohoa, nikasingizia mwiba. Tulikuwa tunakula ndagala, Zaina, dagaa wa ziwani. Ndagala hana mwiba wa kumkaba mtu mzima, na ulijua, ila ulininyamazia.

Ya safari nimekwisha kukuambia. Unajua basi la kupitia Karuzi linaondoka saa ngapi, unajua kwamba kizuizini mtu anatoa karangamuntu, kitambulisho chake, kabla hajaombwa na hasemi zaidi ya alichoulizwa. Vita vimechoka lakini havijalala, hilo nalo unalijua. Mjomba wako atakupokea Muyinga. Ya sala na ya wanaume unayajua kuliko nilivyoyajua mimi katika umri wako. Hayo tuyaache.

Neno lenyewe ni hili. Nilikuuliza kazi yako ya kwanza kwa mjomba itakuwa nini. Ukasema, "Kupiga barua kwa mashine, Mama. Kile kiwanja alichonunua kina wapangaji, familia nane. Anataka watoke ajenge nyumba za kisasa." Nikakuuliza, nawe unaonaje? Ukacheka. Ukasema, "Mi siwatoi, Mama. Mi naandika tu."

Nimelisikia neno hilo zamani, kwa maneno mengine, kutoka kinywa cha Haruni. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu badala ya kulala.

Ulikuwa na miaka kumi tulipotolewa kwenye kiwanja cha Mzee Saidi. Unakumbuka mvua, unamkumbuka baba yako akikohoa. Lakini hukuambiwa yote. Nilikuambia nilichotaka ukijue, kwamba Haruni ni mtu mbaya na sisi tulionewa. Hilo ni kweli na silibadilishi hata neno moja. Lakini kuna nililolifanya mimi baada ya hapo, na hilo hakuna anayelijua hapa nyumbani.

Niliingia kiwanja kile nikiwa bi harusi, hina bado iko kwenye kucha. Kilikuwa hapa hapa Gitega, kwenye mtaa wetu wa Waswahili, chini ya soko. Familia nne, vyumba vya matofali ya udongo, uwanja katikati. Mwenye kiwanja, Mzee Saidi, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa maneno machache na harufu kali. Alikuwa na sharti moja tu kwa wapangaji. "Panda maharage, panda lengalenga, panda viazi. Mgomba usipande." Hatukumlaumu. Nchi hii mgomba si mmea wa mpangaji. Anayepanda mgomba anasema atakuwepo mpaka uzae na watoto wake wazae. Miaka ikipita anadai ardhi, anawapeleka wazee kuuona, na wazee wanamuuliza mwenye ardhi alikuwa wapi siku unapandwa. Kwa hiyo mwenye kiwanja mwenye akili anakataza mapema, na mpangaji mwenye heshima anatii.

Sasa nisikilize juu ya vyoo, na usikunje pua. Kwa watu wenye kwao, shimo la choo likijaa wanalifunika na kupanda mgomba juu yake. Unazaa mikungu ya kutisha, na kila mtu akiuona anajua hapo chini kuna nini, hakuna anayejenga juu yake. Sisi hatukuruhusiwa kupanda. Kwa hiyo kila shimo lilipojaa, baba yako na wanaume wenzake walilifunika kwa magogo ya mikaratusi, wakamwaga mawe na udongo, wakashindilia kwa miguu, nasi wanawake tukasia lengalenga, mchicha wa kwetu, juu. Baada ya mvua mbili hata mgeni aliyekuja kula hakujua amesimama juu ya nini. Katika miaka kumi na tisa tulichimba mashimo manne, matatu tukayafunika, la nne likabaki nyuma likitumika. Haruni hakujua hata moja la yale matatu. Wenye viwanja huwa hawaulizi choo cha mpangaji kiko wapi.

Nikumbuke na wema wa Mzee Saidi, kwa sababu wema huo ndio ulionidanganya. Siku moja alitaka kujenga chumba kikubwa upande aliokaa bibi mmoja mjane. Alimwita, akamketisha, akamwonyesha sehemu nyingine ya uwanja, akamjengea kule kwanza. Kuta zikakauka, mlango ukawekwa, ndipo bibi akahama na sufuria zake, halafu kile cha zamani kikabomolewa. Nilidhani ndivyo nyumba zinavyojengwa duniani kote. Sikujua kwamba ni adabu ya mtu mmoja, na mtu huyo angekufa nayo.

Haruni ni mwanawe. Nilipofika alikuwa na miaka sita, mama yake mgonjwa wa kila siku, na mtoto alikula kwangu zaidi ya alivyokula kwao. Alikuwa anapenda ukoko wa wali. Nilikuwa namwachia.

Vita vilipoanza, Mzee alikuwa ameshafariki. Haruni akamchukua mama yake wakakimbilia Kigoma. Sisi wapangaji tukabaki, hatukuwa na pa kukimbilia. Watu waliruka ua usiku, wa kabila hili na wa kabila lile, wakalala sakafuni kwetu, hatukumuuliza mtu yeyote baba yake ni nani. Nyumba zilizoachwa tupu mtaani zilivuliwa bati, milango, mpaka misumari. Ya Mzee Saidi haikuguswa, kwa sababu baba yako na wanaume watatu wa vyumba vingine walilinda lango kwa zamu, miezi na miezi, na panga moja ambalo halikukata hata nyasi. Haruni aliporudi alikuta hata saa ya ukutani ya baba yake. Alilia. Alinishika mikono miwili akasema, "Dada, hili mi sitalisahau." Na mimi nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimemlisha.

Fadhila ya punda ni mateke. Kabla mwaka wa pili haujaisha, Gitega ilijaa watu wa mashirika ya misaada, na watu wa mashirika wanataka nyumba yenye vigae na choo cha ndani. Ilikuwa miaka ya vikwazo, nchi jirani zimetufungia mipaka, simenti haikuonekana madukani, lakini Haruni alikuwa na rafiki mwenye malori na simenti akaipata. Akaja mchana mmoja. Tulimvutia kiti, akakataa kukaa. Nilipaswa kujua hapo hapo.

"Dada, donc, mji unabadilika," akasema, akichanganya na Kifaransa. "Hizi nyumba za udongo ziko zinaanguka zenyewe. Watu wanatafuta pa kulala, nyumba hazitoshi. Mi nisipojenga, atajenga mwingine."

Baba yako akamjibu polepole, "Jenga, mwanangu. Lakini jenga upande mmoja kwanza, sisi tuhamie hapo, halafu ujenge na huu. Ndivyo alivyofanya baba yako."

"Papa alikuwa mtu wa zamani."

"Na sisi tuende wapi na mvua hizi?"

"Mzee, si mimi ninayewatoa. Ni mji."

Niseme haki, kwa sababu nimeamua kusema haki leo hata kama inaniuma. Alikuwa na hoja. Kuta zile zilikuwa zimechoka, na watu walikuwa wanalala kwenye madarasa ya shule kwa kukosa nyumba. Kiwanja kilikuwa chake. Angekaa kwenye kile kiti, akanywa chai, akatupa mpaka mvua ziishe, ningelia siku mbili na siku ya tatu ningefunga mizigo. Lakini alitupa siku saba, akisimama. Wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu aliniambia toka, na bado hakutosheka na kuniambia. Siku ya nane alikuja na wanaume na ngazi, wakang'oa bati juu ya vichwa vyetu. Mvua ilinyesha kwenye kitanda alicholalia baba yako. Haruni alisimama uwanjani na mwavuli, anazungumza na fundi, hakututazama.

Baba yako alifariki siku thelathini na nane baada ya hapo. Daktari alisema kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Sawa, daktari amesoma. Mimi nasema ni mvua.

Tulikuwa tumehamia hivi vyumba viwili vya ng'ambo ya barabara, mkabala na kiwanja, na watu walidhani nilikosa pengine. Sikukosa. Nilitaka kuwa mahali ninapoweza kuona.

Nilikuwa ndani ya eda alipokuja Fundi Silveri. Alikuwa mwashi wa Ryansoro, mzee mtulivu, anakuja mjini kwa baiskeli na kikapu. Haruni alikuwa amempa kazi ya kujenga. Alibisha, akabaki nje ya mlango kwa kuheshimu eda yangu, akaweka viazi kizingitini.

"Mama, pole kwa msiba," akasema. "Nimeambiwa we uliishi pale miaka mingi. Mi sichimbi uwanja wa watu kabla sijamuuliza mwanamke aliyekuwa anaufagia. Vyoo vilikuwa wapi?"

Unaona, Zaina, mtu yule alikuwa na adabu aliyoikosa mwenye nyumba. Alikuwa mtu wa kwanza, tangu bati ling'olewe, kuniuliza jambo kana kwamba ninajua kitu. Na mimi nilikaa nyuma ya pazia na nguo yangu ya eda, nikahesabu yale mashimo manne moja moja, nikamwambia, "Kilikuwa kimoja tu. Kile cha nyuma kinachoonekana."

"Miaka kumi na tisa, choo kimoja?"

"Kilikuwa kirefu."

Mwanamume wa watu hawezi kumwambia mjane anasema uongo. Akaenda. Baada ya siku chache akarudi, safari hii bila viazi, uso umemkunjamana. "Mama, nisamehe. Pale pembeni nikikanyaga, chini kunalia kama mtungi mtupu. Nimemwambia patron, Haruni, anasema niendelee, simenti inaganda. We huna unachokumbuka?"

Nikasema, "Pale zamani walichimba udongo wa matofali, wakafukia." Nilikuwa na uongo huo tayari. Nilikuwa nimeutengeneza siku zile chache, nikiupika kama mtu anavyopika maharage, taratibu, mpaka ukaiva. Akashukuru. Na nyumba ikapanda juu ya mashimo matatu, moja chini ya pembe ya mbele, moja chini ya baraza, moja nyuma jikoni.

Ilikuwa nzuri. Nyeupe, vigae vyekundu, vioo. Mzungu mmoja wa shirika akahamia na mbwa. Masika ya kwanza hayakufanya kitu, nami nikakasirika na Mungu. Masika ya pili, juu ya dirisha la mbele, ulitokea ufa mwembamba kama unywele.

Sijawahi kukueleza furaha ile. Nilikuwa nakaanga mandazi hapa barazani, mafuta yanachemka, nikauona, nikasahau mandazi mpaka yakaungua. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Wengine wanafuata habari za redio, mimi nilifuata ufa ule. Haruni akaleta mtu, wakaupaka simenti, wakapaka rangi. Nikasubiri. Ukarudi, tena na mdogo wake. Nilikuwa nakutuma dukani ununue chumvi, duka lile la pembeni ya nyumba ile, wakati chumvi tunayo. Ukirudi nakuuliza, umeuona ufa? Siku moja uliniambia, "Mama, sasa kidole changu kinaingia." Nikakupa andazi la moto na ukadhani mama yako ana roho nzuri siku hiyo. Ulikuwa mtoto, ulifurahia andazi. Nilikutumia, Zaina. Naomba unisamehe kwa hilo kabla sijafika kwenye mengine.

Mzungu aliogopa nyufa, akahama. Shirika lenyewe likafunga. Haruni, asiyetaka kukaa na nyumba tupu, akaigawa vyumba vyumba akapangisha kwa yeyote. Na chumba cha nyuma chenye jikoni akapewa Mama Neema.

Huyo unamjua. Unajua fimbo yake na kicheko chake. Lakini hukumjua alipokuja kutoka upande wa Uvira, amekimbia vita vya kwao akaja kwenye vita vyetu, na watoto wawili na mzigo wa vitenge. Alikuwa anatembea kwa haraka wakati ule. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alipita kwangu kuchukua mandazi, akiimba nyimbo za kanisani kwake, ananiambia, "Mama Zaina, mandazi ya leo iko sawa na mto." Alikuwa na maana ni laini. Nilimpenda. Nilikuwa nampa na la ziada.

Hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Kumdanganya Silveri ilikuwa hasira, na hasira ya mjane ndani ya eda labda ina udhuru wake, sijui, nitauliza huko niendako. Lakini kumwona mwanamke yule asubuhi kwa asubuhi, nikijua mkaa wake anauwasha juu ya nini, nikamfungia mandazi kwenye gazeti na kumwambia siku njema, ile haikuwa hasira tena. Nilikuwa na hesabu zangu. Haruni alikuwa anakuja kila Ijumaa baada ya sala kukagua nyumba yake, anasimama barazani na mikono nyuma. Baraza lilikuwa na shimo. Nilijiambia litaanza kubomoka baraza, na litabomoka Ijumaa. Nilisubiri Ijumaa moja baada ya nyingine. Nilikuwa naacha kuuza, nakaa kizingitini natazama miguu yake.

Ilibomoka Jumanne, jikoni.

Nilisikia kishindo na kilio kimoja, halafu kimya. Tulipofika sakafu haikuwepo. Mama Neema alikuwa chini, udongo umemfika kifuani, sufuria ya maji ya moto imemmwagikia, mguu mmoja umekunjwa nyuma ambako mguu haukunjwi. Wanaume walikuwa wanapiga kelele, huyu analeta shuka, yule anataka kuruka. Mimi nikasema, "Msiruke. Leteni ngazi ndefu na kamba, shimo lina kina cha watu watatu." Wakafanya nilivyosema. Nilivuta kamba nao mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyeniuliza nilijuaje kina chake.

Mguu uliungwa vibaya. Nilimpelekea uji hospitali wiki sita, na kila siku aliniombea kwa Mungu wake mbele yangu, kwa sauti, kwa jina langu. Nilikuwa nainamia bakuli. Haruni alimshtaki Silveri. Mzee yule alilala kasho, mahabusu, mwezi mzima, na alipotoka aliacha kazi ya ujenzi, akarudi Ryansoro kulima. Sikwenda kusema neno moja. Ningekwenda kusema nini, na wewe ulikuwa na mimi tu?

Na Haruni? Haruni aliuza kiwanja, mabomoko na yote, akajenga Bujumbura. Nasikia amenenepa. Wanasema mchimba shimo huingia mwenyewe. Sisi tuliolichimba hatukuingia, na aliyejenga juu yake hakukwaruzwa hata ukucha. Aliingia mpangaji.

Barua ya mjomba wako ilipofika mwezi uliopita, ile uliyonisomea kwa furaha, kuna mahali ameandika kwamba wapangaji wa kiwanja kile ni wabishi lakini watatoka tu. Ulisoma ukapita. Mimi sikupita. Nilimwona mwanamke mmoja kati ya wapangaji wale, simjui jina, anafagia uwanja na anajua kila kilicho chini yake. Na nikakuona wewe ukiingia uwanjani na karatasi zako. Ndipo nikaona siwezi kukuacha uende kabla sijasema, na siwezi kukuambia wewe kabla sijamwambia mwenye mguu; kisha nikawa naahirisha kukuambia, mpaka neno lako la jioni hii liliponishikisha kalamu.

Nilikwenda kwa Mama Neema Jumatatu iliyopita, baada ya alasiri. Anaishi kile chumba kimoja karibu na kisima, anauza ndagala mlangoni kwa sababu sokoni hafiki tena. Sikukaa. Nilimwambia, "Mama Neema, lile shimo nilikuwa nalijua."

"Ulijuaka namna gani?"

"Lilikuwa choo chetu. Fundi aliniuliza, nikamficha."

Aliendelea kuchagua mawe kwenye ndagala. Akauliza bila kuinua macho, "Siku ngapi uliniona mi niko napika pale juu?"

"Miaka miwili kasoro."

"Na mandazi uliniuzisha."

"Nikakuuzia."

"We ulitaka nani aanguke?"

"Haruni."

Hapo akaniangalia. "Haruni, ye hapiki, Mama Zaina," akasema.

Akashika fimbo yake akasimama, ilimchukua muda kusimama, na sikuthubutu kumsaidia. Akasema, "Sasa toka. Hii chumba iko moja tu, lakini ni yangu mpaka mwisho wa mwezi. Toka." Nilitoka. Nilitolewa mara mbili maishani mwangu, na mara hiyo ya pili ilikuwa ya haki. Tangu siku ile hanunui kwangu, na wewe uliniuliza juzi mbona Mama Neema hapiti, nikakwambia anaumwa.

Usidhani naandika haya kwa kuwa nimemsamehe Haruni. Sijamsamehe. Nikisikia kesho kwamba bati lake la Bujumbura limeng'olewa na mvua ya mawe, nitapika pilau nigawe mtaa mzima. Nimejaribu kumsamehe kwenye mwezi wa Ramadhani, miaka mitatu mfululizo, na kila mara naona ule mwavuli. Ninachokijutia ni kwamba niliiachia ardhi inilipizie, na ardhi haijui nani ni nani. Ningemfuata barazani Ijumaa moja, mbele ya watu wanaotoka msikitini, nikamwambia aliyoyafanya kwa sauti yangu mwenyewe, na saa ya baba yake nikaitaja, na ukoko wa wali nikautaja. Angeona haya au asingeona. Lakini neno lingempata yeye.

Mjomba wako ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja, na simfananishi na Haruni. Bado. Ana haki ya kujenga, na Muyinga inahitaji nyumba, sikatai. Atakuambia mji unakua, na atakuwa anasema kweli. Atakuambia zile za zamani zinaanguka, na huenda zinaanguka. Muulize tu watu wale watalala wapi usiku wa kwanza. Nimesikia wengine wao walikimbia mashamba yao huko Mwakiro wakati wa mauaji, na wakirudi watakuta mtu mwingine analima. Muulize kama anaweza kujenga upande mmoja kwanza. Atakuambia wewe ni mtoto na kazi yako ni mashine. Hapo utajua mwenyewe la kufanya, sitakuamulia. Nauli ya kurudi nimekushonea kwenye pindo la gauni la kijani, kama utaihitaji.

Lakini usiniambie tena kwamba unaandika tu. Haruni alisema ni mji. Wale wanaume wa ngazi walisema wametumwa. Mimi nilisema ni shimo. Kila mmoja alikuwa na wa kumsingizia, na Mama Neema anatembea kwa fimbo.

Kesho kutwa utakaa mbele ya mashine ile. Kabla hujapiga barua ya kwanza, tia karatasi, na mahali pa jina la mpangaji piga jina langu. Usipige Mama Zaina, piga lile nililopewa na baba yangu. Chini yake piga siku nilizopewa za kutoka. Halafu isome kwa sauti. Ukiweza kuimaliza, ipeleke kwa mjomba wako aitie sahihi, uwapelekee na wale wa familia nane za kwao. Nitasikia, Muyinga si mbali. Nitapanda basi lile lile, nitaingia uwanja ule na mkeka wangu, nitakaa pamoja nao bati likiwepo na bati likiondoka, upande wao, dhidi ya ndugu yangu na dhidi yako. Na sasa unajua mimi ni adui wa namna gani.

Mama yako